Amri, Kimya na Waya Mmoja: Historia ya Lugha ya Modemu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kabla ya habari yenyewe kutangazwa, pembe ililia kwanza. Watu wakaacha majembe na vinu, wakatega masikio, ndipo neno likasemwa. Mlio wa pembe haukuwa habari. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watu katika shughuli zao na kuwaandaa kusikia. Kila jamii inayopelekeana maneno kwa mbali hulazimika kuwa na mbiu ya namna fulani, yaani alama inayotenga mazungumzo ya kawaida na neno lililo amri.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya mbiu moja iliyobuniwa Marekani na kuanza kutumika mwaka 1981 katika chombo kiitwacho modemu. Mbiu hiyo ni herufi mbili tu: AT. Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta aliandika herufi hizo kwa kibodi, akaongeza herufi nyingine chache, na modemu yake ikapiga simu, ikapokea simu, au ikakata simu kama alivyoiagiza.

Huenda msomaji akauliza: habari za chombo cha simu zina uhusiano gani na utamaduni wa taifa? Jibu letu ni kwamba lugha ni sehemu ya utamaduni, hata iwe lugha ndogo ya maneno machache ambayo binadamu ameitunga ili aseme na mashine. Tena, lugha hii ilifika kwetu Afrika Mashariki, ikatumika, na ingali ikitumika ndani ya vyombo vingi vilivyotuzunguka, ingawa wengi wetu hatuitambui. Anayetumia kitu bila kujua asili yake hawezi kukitengeneza kinapoharibika, wala hawezi kubuni kingine kilicho bora zaidi. Kwa hiyo yafaa vijana wetu waijue historia hii.

Kugeuza herufi kuwa sauti

Simu ilibuniwa ili kuchukua sauti ya binadamu. Mitambo yake ilitengenezwa kupitisha mitetemo ya sauti kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, kwani kiasi hicho chatosha mtu kumtambua na kumwelewa mwenzake. Kompyuta, kwa upande wake, haina sauti. Kila herufi iliyomo ndani yake ni mfululizo wa alama za namna mbili tu, moja na sifuri, na kila alama huitwa biti. Basi, ili kompyuta mbili zilizo mbali zipashane habari kwa waya wa simu, ni lazima pawepo chombo cha kugeuza biti kuwa milio upande wa kwanza, na kingine cha kurejesha milio kuwa biti upande wa pili. Chombo hicho ndicho modemu, na jina lake limeunganishwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana hizo za kugeuza na kurejesha.

Modemu iliyokuwa kielelezo kwa miaka mingi ni Bell 103, ambayo kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, iliitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Upande uliopiga simu ulitoa mlio wa mitetemo 1,270 kwa sekunde kumaanisha moja, na mlio wa mitetemo 1,070 kumaanisha sifuri. Upande uliopokea simu ulitumia milio ya juu zaidi, yaani 2,225 na 2,025. Kwa kuwa milio hiyo minne haikufanana, pande zote mbili ziliweza kusema kwa wakati mmoja bila kuchanganyikiwa. Mwendo wake ulikuwa biti 300 kwa sekunde. Herufi moja, pamoja na alama za mwanzo na mwisho wake, ilihitaji biti kumi. Hivyo herufi 30 zilipita kila sekunde, na ukurasa wenye herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika moja kufika.

Lakini kazi ya kupiga simu yenyewe ilibaki kuwa ya mtu. Aghalabu mtumiaji aliinua mkono wa simu, akazungusha namba, akangoja mpaka asikie mlio mwembamba wa mashine ya upande wa pili, kisha akaulaza mkono ule juu ya vikombe viwili vya mpira vilivyounganishwa na modemu. Kikombe kimoja kilisikiliza na kingine kilisema. Mtindo huu wa ajabu ulitokana na kanuni zaidi ya ufundi: kampuni ya simu ilikataza chombo chochote kisicho chake kuunganishwa na waya wake. Katazo hilo lilianza kulegea mwaka 1968, wakati tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano ilipotoa uamuzi juu ya kifaa kilichoitwa Carterfone, kilichokuwa kikiunganisha redio za upepo na simu. Tume iliamua kwamba vyombo vya watu wengine vyaweza kuunganishwa mradi havidhuru mitambo. Katika miaka ya 1970 kanuni zilizidi kurekebishwa, na mafundi wadogo wakapata nafasi ya kuunda modemu zinazoingia moja kwa moja katika waya wa simu.

Waya mmoja, maneno ya namna mbili

Miongoni mwa mafundi hao walikuwamo Dennis Hayes na Dale Heatherington, wa mji wa Atlanta, katika jimbo la Georgia. Walianza kutengeneza modemu mwaka 1977. Modemu zao za kwanza zilikuwa mabamba ya umeme yaliyochomekwa ndani ya kompyuta yenyewe. Bamba la namna hiyo lilitumiwa na Ward Christensen na Randy Suess huko Chicago mwaka 1978, walipoanzisha ubao wa matangazo wa kompyuta ambao watu waliusoma na kuuandikia kwa kuupigia simu.

Bamba la ndani lilikuwa na faida yake. Programu ya kompyuta iliweza kuligusa moja kwa moja na kuliagiza lipige namba. Lakini lilikuwa na kasoro kubwa pia. Siku zile kulikuwa na aina nyingi za kompyuta ndogo, na kila aina ilikuwa na umbile lake la ndani. Bamba lililoundwa kwa ajili ya Apple II halikuingia katika kompyuta nyingine. Mtengenezaji alilazimika ama kuunda bamba jipya kwa kila aina, au kuwaacha wateja wengi nje.

Kulikuwako, hata hivyo, kitu kimoja kilichopatikana katika karibu aina zote, nacho ni tundu la nyuma la kupeleka na kupokea herufi moja baada ya nyingine. Hayes na Heatherington wakaamua kuunda modemu ya nje, kisanduku ambacho kingeunganishwa na tundu hilo, na hivyo kuifaa kompyuta yoyote. Hapo ndipo walipokutana na tatizo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Njia ya kupitisha herufi kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye modemu ilikuwa moja tu. Kwa njia hiyo hiyo yangepita maneno yaliyokusudiwa kufika upande wa pili, na kwa njia hiyo hiyo zingepita amri zilizokusudiwa modemu yenyewe. Je, modemu ingejuaje lipi ni lipi?

Tatizo hili ni la kale. Tumfikirie tarishi aliyetumwa na bwana wake kupeleka habari kwa mdomo. Bwana anasema: "Mwambie shemeji yangu harusi ni Ijumaa. Pitia njia ya mtoni. Usichelewe." Tarishi mwenye akili anatambua kwamba habari ya harusi ni ya shemeji, na habari ya njia ya mtoni ni yake mwenyewe. Lakini mashine haina akili ya namna hiyo. Isipopewa kanuni, ama itamsomea shemeji habari za njia ya mtoni, au itaishika habari ya harusi kana kwamba ni amri yake.

Kanuni iliyotungwa ilikuwa kuipa modemu hali mbili. Ya kwanza tutaiita hali ya amri, na ya pili hali ya mazungumzo. Modemu inapowashwa huwa katika hali ya amri. Kila neno linaloandikwa ni lake, na hukaa kulichunguza. Simu inapounganishwa, modemu huhamia hali ya mazungumzo. Tangu hapo huwa tarishi tu, na kila herufi inayoipokea huipeleka ng'ambo bila kuuliza. Modemu yenye uwezo huo ilitolewa mwaka 1981 kwa jina la Smartmodem, maana yake modemu yenye akili.

Sarufi ya lugha ya AT

Kila sentensi ya lugha hii huanza na AT, herufi mbili za kwanza za neno la Kiingereza linalomaanisha kuweka makini. Hiyo ndiyo mbiu ya mgambo tuliyoitaja. Herufi hizi zilikuwa na kazi nyingine iliyojificha. Herufi A inapotumwa hutanguliwa na alama fupi inayosimama peke yake. Modemu huipima alama hiyo na kujua mara moja kompyuta inasema kwa mwendo gani. Aidha, ndani ya herufi A mna alama za moja zilizo shufwa, yaani mbili, na ndani ya herufi T mna alama zilizo witiri, yaani tatu. Kwa kulinganisha hizo mbili modemu hutambua kanuni ya usahihishaji inayotumiwa na kompyuta. Hivyo mbiu yenyewe ilimfundisha msikilizaji lafudhi ya msemaji kabla amri haijatolewa.

Baada ya mbiu hufuata amri. Herufi D ni kupiga simu, nayo hufuatwa na T ikiwa simu ni ya milio, au P ikiwa ni ya kuzungusha. Mtu aliyetaka namba 12345 aliandika ATDT12345, akabonyeza kitufe cha kumaliza mstari. Mkato ulioandikwa katikati ya namba uliiagiza modemu itue kwa sekunde mbili, jambo lililofaa katika ofisi ambamo ilibidi kwanza kuomba waya wa nje. ATA ilimaanisha kupokea simu, ATH kukata, na ATZ kurudisha mipango yote mahali pake pa mwanzo. A ikifuatwa na mkwaju ilirudia amri iliyotangulia, na hiyo peke yake haikuhitaji mbiu.

Mipango midogo midogo iliwekwa katika visanduku vya kumbukumbu vilivyoitwa S na kupewa namba. Kisanduku S0 kilihifadhi idadi ya milio ya kengele kabla ya modemu kuitikia; aliyeandika ATS0=1 aliiagiza iitikie kengele ya kwanza. Kisanduku S7 kilihifadhi sekunde za kungoja mlio wa upande wa pili, na kilipotoka kiwandani kilikuwa na 30.

Jambo linalostahili kusifiwa ni kwamba lugha hii ilikuwa na adabu ya kuitikia. Kila amri ilijibiwa. Amri ilipokubaliwa modemu iliandika OK. Ilipokosewa iliandika ERROR, yaani kosa. Simu ilipolia iliandika RING, na mawasiliano yalipofungika iliandika CONNECT. Ukilia mlio wa upande wa pili usisikike, au ukikatika, iliandika NO CARRIER, maneno mawili ambayo watumiaji wa siku zile waliyachukia kuliko yote. Majibu hayo yaliweza pia kutolewa kwa tarakimu, sifuri kwa OK, moja kwa CONNECT, mbili kwa RING, ili programu iyasome kwa urahisi. Kwa hiyo lugha ilikuwa moja, lakini iliwafaa wawili: binadamu aliyeandika kwa vidole vyake, na programu iliyoandika kwa niaba yake.

Kimya kingi kina mshindo mkuu

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuona kwamba kulibaki swali moja. Modemu ikishaingia katika hali ya mazungumzo, kila herufi hupelekwa ng'ambo. Basi mtu akitaka kuiambia ikate simu, atasemaje? Akiandika ATH, herufi hizo zitasafiri hadi kwa mwenzake, na simu itabaki imeunganishwa. Ilihitajika mbiu ya pili ya kumwita tarishi arudi.

Alama iliyochaguliwa ni ya kujumlisha, iandikwe mara tatu mfululizo: +++. Lakini alama peke yake haikutosha. Kwa kuwa kompyuta huweza kutuma barua, hesabu au programu ya aina yoyote, hakuna mfuatano wa herufi ambao hautatokea kamwe ndani ya maneno ya watu. Siku moja mwalimu angetuma somo lenye alama tatu za kujumlisha, na modemu yake ingeacha kazi katikati ya sentensi.

Dawa ya Heatherington ilikuwa kimya. Modemu haikuzijali alama tatu za kujumlisha isipokuwa zimetanguliwa na sekunde moja ya kimya na kufuatwa na sekunde nyingine ya kimya. Sekunde moja yaonekana ni kitu kidogo, lakini kwa mwendo wa biti 300 ni muda wa herufi 30, na kwa mwendo wa 2,400 ni muda wa herufi 240. Kompyuta inapotuma maandishi marefu haitui hivyo. Kwa hiyo kimya, alama tatu, na kimya tena ni jambo ambalo karibu haliwezi kutokea kwa bahati. Likitokea, limekusudiwa. Modemu hujibu OK, hurudi katika hali ya amri bila kukata simu, na mtu huweza kuandika ATH ili kukata, au ATO ili kuendelea na mazungumzo.

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa methali hiyo imekuwa kanuni ya ufundi. Wanaofundisha ushairi na uigizaji wanajua kwamba kituo ni sehemu ya maneno. Asiyejua kutua hajui kusema. Lugha ya modemu ilithibitisha kwamba jambo hilo ni kweli hata kwa mashine: kilichotenga amri na mazungumzo hakikuwa herufi yoyote, kilikuwa nafasi isiyo na herufi.

Kampuni ya Hayes ilitambua thamani ya kimya hicho, na mwaka 1985 ilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kukimiliki. Washindani wake walikuwa wameiga lugha ya AT tangu awali, kwa sababu programu nyingi za mawasiliano zilikuwa zimeandikwa kwa lugha hiyo. Sasa walidaiwa malipo kwa sababu ya ile sekunde ya kabla na ile ya baada. Mzozo ulifika mahakamani, na mwaka 1991 Hayes ilishinda. Baadhi ya watengenezaji walilipa. Wengine waliona heri kuunda modemu ambazo hazikuhitaji kimya. Hizo zilikubali alama tatu za kujumlisha zikifuatwa papo hapo na amri iliyo sahihi.

Matokeo yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati modemu zilipokuwa zikitumiwa kuingia katika intaneti. Kompyuta iliyo katika intaneti huweza kutumiwa ujumbe mfupi wa kuulizia kama ipo, nayo kwa desturi hujibu kwa kurudisha maneno yale yale iliyoletewa. Watu wenye nia mbaya wakatuma maulizo yenye maneno +++ATH0 ndani yake. Kompyuta, kwa uaminifu wake, iliyarudisha. Na katika kuyarudisha ikayapitisha kwenye modemu yake yenyewe. Modemu isiyongoja kimya ilidhani imeamriwa na bwana wake, ikakata simu. Hivyo mtu alifukuzwa kwenye mawasiliano kwa maneno yaliyotoka katika kinywa cha mashine yake mwenyewe. Modemu zilizongoja kimya hazikudanganyika. Tunaona basi kwamba kitu kilichoonekana cha kupuuzwa ndicho kilichokuwa mlinzi wa mlango.

Lugha yampita mwenyewe

Katika miaka ya 1980 na 1990 mwendo wa modemu uliongezeka kutoka biti 300 kwa sekunde hadi 1,200, 2,400, 9,600, 14,400, 28,800, na hatimaye 56,000 mwaka 1998. Ufundi wa ndani ulibadilika kabisa. Milio minne ya zamani iliachwa na njia nyingine za kihesabu zikachukua nafasi yake. Lakini lugha ya kuiagiza modemu haikubadilika. Iliongezewa maneno tu. Aliyejifunza ATDT mwaka 1981 aliweza kuitumia modemu ya mwaka 1998 siku hiyo hiyo aliyoinunua.

Kampuni iliyoitunga haikuwa na maisha marefu kama hayo. Mwaka 1994 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na mwaka 1998 ilifilisika tena, safari hii isiinuke. Wakati huo lugha yake ilikuwa imekwisha kuwa mali ya wote. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliiingiza katika viwango vyake, na leo hujulikana kama kiwango V.250. Hataza ilimiliki kimya. Maneno yenyewe hayakuwa na mlango wa kufungwa. Kadiri washindani walivyoyatumia, ndivyo yalivyozidi kuenea.

Jambo hili si geni kwetu. Kiswahili kilikua pwani, kikachukuliwa na watu wa bara ambao hawakuzaliwa nacho, nao wakakifanya kuwa chao. Lugha huimarika inapotumiwa na watu wasioihesabu kuwa ni mali yao ya kurithi.

Lugha ya AT katika Afrika Mashariki

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kamili kufika kwetu, barua za kompyuta zilisafiri kwa modemu na simu za kawaida. Vituo kama ELCI mjini Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala vilitumia utaratibu wa Fido, ambao Tom Jennings aliuanzisha Marekani mwaka 1984. Barua zilikusanywa na kufungwa pamoja, kisha zikapelekwa zote kwa simu moja, na kituo cha GreenNet cha London kikawa mlango wa kwenda sehemu nyingine za dunia. Kwa kuwa simu ya ng'ambo ilikuwa ghali na njia zilikuwa na kelele, kila sekunde ilihesabiwa, na aliyejua kuipanga modemu yake vyema aliokoa fedha.

Katikati ya miaka ya 1990 huduma za intaneti za kulipia zilianza katika miji yetu mikubwa, nazo pia zilitegemea modemu. Hapo watumiaji wengi walikutana na kikwazo kimoja kilichokuwa na mafunzo. Modemu nyingi zilifundishwa kungoja mlio wa simu wa Marekani kabla ya kupiga namba. Mlio wa simu wa nchi nyingi nyingine haufanani na ule. Basi modemu ilisikiliza, isitambue kilichosikika, ikajibu NO DIALTONE, yaani hakuna mlio, ilhali mlio ulikuwepo na mtu aliusikia kwa sikio lake. Aliyezoea kubonyeza picha kwenye skrini alidhani simu imeharibika. Aliyeijua lugha aliongeza X3 katika amri, maana yake "usingoje mlio, piga namba", na simu ikapita. Chombo kilichoumbwa kwa desturi za ugenini kilitii desturi za hapa, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua kukiambia.

Mwaka 2009 nyaya mpya za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam, na enzi ya kupiga simu ili kuingia katika intaneti ikaanza kufikia mwisho. Lugha ya AT haikuondoka nayo. Waliounda viwango vya simu za mkononi waliichukua na kuipanua. Modemu ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta, ambazo wanafunzi na wafanyakazi wengi wa Afrika Mashariki walizitumia miaka ile, zilikuwa zikipiga namba *99# kwa amri ya ATD kila zilipounganishwa, ingawa hapakuwa na kengele yoyote iliyolia. Mashine za kupokea malipo, vifaa vya kufuatilia magari, na vyombo vinginevyo vyenye laini ya simu ndani yake, vingi huagizwa kwa lugha hii hadi leo. Amri AT+CSQ huuliza nguvu ya mawimbi, na AT+CMGS hutuma ujumbe mfupi. Mbiu ni ile ile ya mwaka 1981.

Hitimisho

Tumeona kwamba historia ya lugha hii ndogo ina mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba tatizo lililotambuliwa vizuri ni nusu ya ufumbuzi wake. Hayes na Heatherington hawakuanza kwa kutafuta maneno. Walianza kwa kuona kwamba njia ni moja na maneno ni ya namna mbili. La pili ni kwamba kimya kina kazi. Waliokiondoa ili kukwepa gharama waliacha mlango wazi, na wengine wakaupitia.

Funzo la tatu, ambalo twaliona kuwa kubwa kwa walimu na wanafunzi, ni kwamba anayeijua lugha ya chombo ndiye mwenye chombo. Vyombo tunavyovitumia vingi vimebuniwa mbali, na vimebeba ndani yake milio na desturi za huko vilikotoka. Kuvikataa si busara, na kuvitumia kwa kubonyeza tu bila kuvielewa ni kukubali kuwa mgeni ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mwanafunzi aliyeuliza kwa nini modemu hasikii mlio ambao yeye anausikia, akatafuta herufi mbili za kuisahihisha, alikuwa ameanza kazi ya ufundi wa kweli.

Mwalimu aweza kulifundisha jambo hili bila modemu yoyote. Awapange wanafunzi wawili wanaopelekeana habari kupitia kwa mwenzao wa tatu, na awaagize watunge wenyewe kanuni ya kutenga maneno ya kupelekwa na maneno ya tarishi. Baada ya majaribio kadhaa wataona ni kwa nini mbiu inahitajika, na huenda mmoja wao akagundua mwenyewe kwamba njia iliyo salama zaidi ni kunyamaza kidogo.